Mgeni Mpe Jembe, Shamba Je?

Wahenga wetu walituachia agizo kuhusu mgeni: siku mbili mkirimu, siku ya tatu mpe jembe. Agizo hili tunalitumia kila siku, aghalabu kwa utani, hasa tunapomwona shemeji ameingia wiki ya tatu sebuleni bila dalili ya kuaga. Lakini litazameni tena, ndugu wasikilizaji, nanyi mnaosoma mazungumzo haya gazetini. Wahenga walisema mgeni apewe jembe. Hawakusema apewe shamba. Kwa jembe atalima, atavuna na atakula jasho lake. Siku akiondoka, jembe litabaki nyuma ya nyumba na shamba litabaki kwa mwenyewe.

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya jambo hilo hilo la jembe na shamba, yaani mtu asiye raia kununua ardhi au nyumba katika nchi ya watu. Ni swali ambalo huulizwa mitaani kwa sura mbili. Wapo wanaouliza kwa hasira: mbona pwani yote inakwisha mikononi mwa wageni, sheria iko wapi? Na wapo wanaouliza kwa masikitiko: mwanangu amechukua uraia wa Marekani, ametuma fedha za kununulia kiwanja, naambiwa sheria inamwita mgeni. Mgeni vipi, na kitovu chake kimezikwa Kilosa?

Maswali hayo mawili yanaonekana kuvutana, lakini yamezaliwa na historia moja. Na kwa kuwa tumeitaja Kilosa, tuanzie huko huko.

Tarehe 29 Novemba 1884, huko Msovero katika nchi ya Usagara, ambako leo ni wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, mgeni kutoka Ujerumani aitwaye Carl Peters alitiliana mkataba na mtawala wa mahali pale, Mangungo. Kila aliyepita darasani Tanzania analijua jina la Mangungo. Limegeuka kuwa kejeli. Mtu akitia saini mkataba mbovu huambiwa amekuwa Mangungo. Lakini wengi wetu tunalijua jina bila kujua karatasi ilisema nini.

Karatasi ile ilianza kwa kuzungumzia urafiki wa milele kati ya pande mbili. Ikaendelea kusema kwamba Mangungo anaikabidhi nchi yote ya Msovero, pamoja na haki zake zote, kwa Peters na chama chake cha ukoloni, na kwamba anaikabidhi kwa wakati wote ujao. Ikadai kwamba mkalimani alimfafanulia Mangungo kila jambo waziwazi. Mwishoni Peters akatia saini, na Mangungo akaweka alama.

Mangungo alidhani anafanya nini siku ile? Maneno yake mwenyewe hatunayo, maana kalamu ilikuwa upande mmoja tu. Lakini tunazijua desturi za ardhi za sehemu nyingi za nchi yetu. Mgeni alifika kwa mkuu wa mahali, akajieleza, akatoa zawadi, kisha akaonyeshwa pa kujenga na pa kulima. Ardhi ilikuwa ya ukoo, ya waliokufa, ya walio hai na ya ambao hawajazaliwa. Mtawala alikuwa mgawaji wake, hakuwa mchuuzi wake. Kwa mtu aliyelelewa katika desturi hizo, kumkaribisha mgeni na kumuuzia nchi ni mambo mawili yaliyo mbali kama mashariki na magharibi. Karatasi ya Peters iliyaunganisha mambo hayo mawili katika sentensi moja.

Peters alikusanya mikataba ya namna hiyo kwa majuma machache tu, akarudi pwani mwezi Desemba na kupanda meli kurudi kwao. Tarehe 27 Februari 1885 akapata hati ya ulinzi kutoka kwa Kaisari wa Ujerumani. Sultani Barghash wa Unguja alipopinga, mwezi Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya mji wake. Ndivyo ununuzi wa ardhi uliofanywa na mtu asiye raia ulivyogeuka kuwa utawala. Tangu siku hizo, katika nchi hii, mgeni mwenye karatasi ya ardhi si jambo dogo.

Mwaka 1895 serikali ya Kijerumani ilitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya Kaisari. Sikilizeni vizuri hapo, "isiyo na mwenyewe." Mwenyewe alikuwa nani? Ni yule aliyeweza kuthibitisha umiliki wake. Mzungu alithibitisha kwa hati. Mwenyeji, ambaye ushahidi wake ulikuwa minazi ya babu na makaburi ya ukoo, alitakiwa kuonyesha kwamba ardhi anaikalia na kuilima; na pale alipokuwa ameiacha ipumzike misimu michache, kama wakulima walivyozoea, ilikuwa rahisi kwa ofisa kuiita pori. Ndipo yakapatikana mashamba makubwa ya Usambara na ya Tanga. Mwaka 1893 mtaalamu mmoja, Richard Hindorf, alikuwa ameagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, na iliyosalimika ilikuwa 62. Kutokana na miche hiyo 62 mkonge ulienea katika maelfu kwa maelfu ya ekari.

Lakini historia haikumwachia hata mgeni yule aliyeshinda. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Mjerumani aliyekuwa bwana wa nchi akawa adui. Mashamba yake yaliwekwa chini ya msimamizi wa mali za adui, yakauzwa, na walionunua walikuwa watu wa mataifa mengine, wakiwamo Waingereza, Wagiriki na Wahindi. Mtu aliyejenga nyumba ya mawe na kupanda kahawa kwa miaka 20 alifukuzwa kwa karatasi nyingine, kama alivyofukuza wengine kwa karatasi yake. Funzo lake ni hili: hati ya mgeni ina nguvu kadiri bendera inayomlinda inavyopepea. Bendera ikishuka, hati hubaki kuwa kumbukumbu ya sandukuni.

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa, walipewa na sharti kwamba ardhi ya wenyeji isihamishwe kwa wasio wenyeji bila idhini ya serikali. Mwaka 1923 wakatunga Sheria ya Ardhi iliyosema kwamba ardhi yote ni ya umma, iko chini ya Gavana, na inatakiwa kutumika kwa manufaa ya wenyeji. Mtu hakupewa ardhi yenyewe. Alipewa haki ya kuikalia kwa muda usiozidi miaka 99. Mgeni alipewa jembe, kwa maneno mengine. Mbiu ilikuwa nzuri.

Tatizo ni kwamba aliyeshika ufunguo alikuwa Gavana. Waulizeni Wameru. Mwezi Novemba 1951 watu wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, chini ya Mlima Meru, ili kuwapisha walowezi wa Kizungu waliotaka kufuga ng'ombe. Nyumba zilibomolewa na kuchomwa moto. Wameru walimtuma Kirilo Japhet hadi New York mwaka 1952, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kueleza shauri la watu wake. Dunia ilisikia na ikasikitika, lakini ardhi haikurudi wakati ule. Safari yenyewe, hata hivyo, iliwafundisha Watanganyika wengi kwamba suala la ardhi na suala la uhuru ni mapacha.

Ndiyo maana mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipopendekeza kuruhusu umiliki wa ardhi wa moja kwa moja, unaouzika kama bidhaa yoyote, Mwalimu Julius Nyerere aliandika kijitabu cha kupinga, kiitwacho "Mali ya Taifa". Hoja yake wengi huikumbuka nusu. Wanakumbuka kwamba aliogopa wageni matajiri watanunua nchi yote, kwa kuwa wananchi walikuwa maskini. Nusu ya pili wanaisahau: alionya kwamba hata kama mgeni tajiri hayupo, watajitokeza wazawa wajanja wenye fedha, nao watawageuza wenzao kuwa wapangaji katika nchi yao. Nusu hiyo ya pili tuiweke akiba, tutaihitaji baadaye.

Uhuru ulipopatikana, sheria ya mwaka 1963 iligeuza umiliki wa milele uliobaki kuwa wa kukodi kutoka serikalini kwa miaka 99, na mwaka 1969 hata ukodi huo ukageuzwa kuwa haki ya kukalia ardhi ya umma. Tarehe 22 Aprili 1971 ikafuata sheria ya kutaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Majumba yaliyokuwa na umri wa zaidi ya miaka 10 hayakulipwa fidia. Wengi wa waliopoteza walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia, na tuseme ukweli, baadhi yao walikuwa raia kamili. Sheria ile ililenga mwenye nyumba tajiri, lakini mitaani ilieleweka kuwa imemlenga "mgeni". Mwaka uliofuata, 1972, jirani zetu Uganda walishuhudia Idi Amin akiwapa Waasia siku 90 za kuondoka. Nyumba na maduka yao yakawekwa chini ya bodi ya usimamizi, na madai yake yaliendelea kwa miongo mingi baadaye. Kwa hiyo ninaposema sheria ya ardhi na wageni, sizungumzii tu namna ya kumlinda mwenyeji. Nazungumzia pia namna ya kumpa mgeni uhakika, ajue leo nini chake na nini si chake, asije akaamka siku moja ameandikwa katika amri ya redio.

Kule Zanzibar mambo yalikwenda kwa njia yake. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya serikali mwezi Machi mwaka huo, na wananchi wakagawiwa eka tatu tatu. Hadi leo mgeni Zanzibar hapati ardhi kuwa yake, anaikodi. Lakini kwa sheria ya mwaka 2010 kuhusu majengo ya ghorofa, mgeni anaweza kununua fleti ndani ya jengo, nayo ardhi iliyo chini ya jengo ikabaki ya kukodi. Ukipita Fumba au Paje utayaona matokeo yake. Mtu amenunua kuta, dirisha na upepo wa bahari, udongo amekodishwa.

Tanzania Bara msimamo wetu wa sasa uliandikwa katika Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika mwaka 2001. Ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Na hata hapo hati yenyewe haikuandikwa jina lake: ardhi ilitengwa na kukabidhiwa Kituo cha Uwekezaji, ambacho kazi zake tangu mwaka 2025 zimehamia katika mamlaka mpya ya uwekezaji na maeneo maalumu ya kiuchumi, na mgeni akapewa haki ya kutumia inayotokana na hati hiyo. Muda ukiisha, ardhi inarudi. Kampuni ambayo wenye hisa nyingi ni wageni nayo inahesabiwa kuwa mgeni, hata kama imeandikishwa Dar es Salaam na mkurugenzi wake anakula ugali. Ardhi ya kijiji haiguswi na mgeni mpaka kwanza ihamishwe kutoka mikononi mwa kijiji, na kijiji kina haki ya kusikilizwa. Kwa hiyo mgeni anayetaka tu nyumba ya kupumzikia uzeeni, asiye na mradi wa kuwekeza, hapati hati ya kiwanja Bara.

Kenya wamefika karibu na hapo kwa njia ndefu zaidi. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni iliwapa walowezi ukodi wa miaka 999, muda ambao hata anayeutoa anajua hatakuwapo kuudai. Pwani, sheria ya mwaka 1908 ya kuandikisha hati iliwataka wenye madai wayalete mbele ya msajili. Waliozoea karatasi wakapata hati, na Wamijikenda wengi, ambao ardhi yao ilikuwa ya pamoja, wakaachwa bila kitu. Wajukuu wao ndio hadi leo wanaoitwa maskwota katika ardhi waliyozaliwa, na mwenye hati pengine hajawahi kukanyaga hapo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ikaweka kikomo: asiye raia atakodi tu, kwa miaka isiyozidi 99, na yule aliyekuwa na zaidi ya hapo akapunguziwa tangu tarehe 27 Agosti 2010. Kampuni inahesabiwa kuwa ya raia pale tu inapomilikiwa na raia kwa asilimia 100. Uganda nako, kwa Katiba ya mwaka 1995 na Sheria ya Ardhi ya 1998, mgeni hukodi kwa miaka isiyozidi 99.

Na msidhani kwamba jirani si mgeni. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, iliacha suala la ardhi liongozwe na sera na sheria za kila nchi. Mkenya anaweza kufanya kazi Arusha, Mtanzania anaweza kufungua duka Nairobi, lakini kwa ardhi kila mmoja ni mgeni kwa mwenzake.

Wapo watakaosema kwamba huu ni ushamba wa Waafrika na kwamba dunia iliyoendelea imefungua milango. Wafanyabiashara wetu wa Kariakoo wanaokwenda Dubai wanajua zaidi. Dubai ilianza kuwauzia wageni majumba mwaka 2002, na sheria yao ya mwaka 2006 ikaeleza wazi kwamba ni katika maeneo yaliyotengwa tu. Nje ya maeneo hayo, mgeni abaki mpangaji. Oman nao, tangu mwaka 2006, wanamruhusu mgeni kumiliki ndani ya miradi maalumu ya utalii. Wamemchorea mgeni mstari, wakauweka hadharani, na mgeni anajua akiuvuka atapoteza.

Sisi mstari tumeuchora. Tatizo letu ni mlango wa uani, na mlango huo una jina la mwananchi.

Nitawaeleza unavyofunguliwa, maana katika miji ya pwani si siri. Mgeni ana fedha, sheria haimruhusu. Anampata mwenyeji: rafiki, mfanyakazi wake, mpenzi, wakati mwingine mzee wa mtaa. Fedha zinalipwa, kiwanja kinanunuliwa kwa jina la mwenyeji. Kisha inaandikwa karatasi nyingine ya siri, kwamba mwenyeji amelishika tu jina na mwenye mali hasa ni mgeni. Mwenyeji anapewa kidogo, pengine na kazi ya ulinzi. Kila mtu anatabasamu.

Tabasamu hilo hudumu mpaka siku moja kati ya hizi tatu. Siku ya kwanza ni pale mwenyeji anapopata shida ya fedha: hati ina jina lake, benki inaiona ni yake, anaiweka rehani. Siku ya pili ni pale mwenyeji anapofariki dunia. Mjane na watoto wanafungua mirathi, wanakuta hati ya marehemu yenye nyumba ya ghorofa ufukweni, na mgeni anakuja na karatasi ya siri ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuiona. Siku ya tatu ni pale mgeni mwenyewe anapougua au anaporudi kwao, na ndugu zake wanapoanza kuuliza mali iko wapi. Katika siku zote tatu mgeni akienda mahakamani anajikuta anaiomba mahakama imsaidie kutekeleza makubaliano yaliyofanywa ili kuikwepa sheria ya nchi. Mahakama haikujengwa kwa kazi hiyo.

Naye mwenyeji asidhani yeye ndiye mshindi. Madai ya kodi ya ardhi yanakuja kwa jina lake. Mgogoro wa mpaka unakuja kwa jina lake. Akitaka kiwanja chake cha halali, kumbukumbu zinaonyesha tayari ni tajiri. Na kila asubuhi anafagia ua wa nyumba ambayo kwa sheria ni yake na kwa hali halisi haruhusiwi kuketi barazani. Mimi nimemjua mtu wa namna hiyo. Alikuwa analipwa mshahara wa mlinzi kulinda mali yenye jina lake mwenyewe, na alipoachishwa kazi hakujua ashtaki kama mlinzi au afukuze kama mwenye nyumba. Tulicheka wote wawili alipokuwa akinisimulia, lakini baadaye nilifikiri kwamba kicheko kile hakikuwa cha furaha.

Hapo ndipo ninapoikumbuka ile nusu ya pili ya hoja ya mwaka 1958. Nani anauza pwani yetu? Mgeni hawezi kujiandikia hati. Lazima awepo wa kutoa jina, wa kugonga muhuri, wa kumwambia bibi kizee wa kijijini kwamba shamba lake la minazi halina thamani kwa kuwa liko kwenye mchanga. Watu hao wote ni raia, wana vitambulisho na wanapiga kura. Wapo pia raia ambao hawahitaji mgeni hata kidogo: wananunua ekari kwa mamia kutoka kwa wanakijiji kwa bei ya pikipiki moja, wanazungushia waya, wanangoja barabara ipite. Sheria inayomkagua mgeni mlangoni na kumwacha mwenyeji apite dirishani imelinda nusu tu ya nyumba.

Sasa turudi kwa yule mwenye kitovu Kilosa. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Akichukua wa Marekani au Uingereza, wa kwetu unaondoka, na pamoja nao haki ya raia ya kupewa ardhi. Mbele ya Sheria ya Ardhi kama ilivyotungwa mwaka 1999, yeye na mtalii wa jana walikuwa kitu kimoja. Matokeo yake ni kwamba naye anatumia mlango wa uani: hati inaandikwa jina la kaka, la mama mdogo, la binamu. Mara nyingi familia huwa waaminifu. Zinapokosa uaminifu, aliyebeba boksi Ughaibuni kwa miaka 15 anarudi kukuta nyumba aliyoijenga ina wapangaji, na kodi anaila mtu mwingine. Mwaka 2024 serikali ilipeleka bungeni mapendekezo ya kuwapa hadhi maalumu watu wenye asili ya Tanzania walio na uraia wa nje. Naona ni njia ya busara, mradi mstari uchorwe wazi: apate mahali pa kujenga na pa kuzikwa, bila kufungua lango la mashamba makubwa kwa kila mwenye babu aliyepita hapa.

Msimamo wangu ni huu. Sheria ya kumnyima mgeni shamba haikutungwa kwa chuki, ilitungwa na watu walioona karatasi moja ya Msovero ilivyozaa miaka 77 ya kutawaliwa. Tuitunze. Lakini jembe tunalompa mgeni liwe jembe kweli: miaka inayojulikana, daftari linaloweza kukaguliwa na mwananchi yeyote, kijiji kilichoulizwa kabla ya kuhamishwa ardhi yake na kulipwa kabla ya tingatinga kufika. Mgeni akipata mlango wa mbele ulio wazi na wenye masharti yanayoeleweka, wengi hawatahangaika na wa uani. Na anayetoa jina lake kuficha mnunuzi aulizwe kama anavyoulizwa mnunuzi.

Nanyi mnaonisikiliza, siku mtu atakapowajia na kitita na kuwaambia kwamba anachotaka ni jina lenu tu, msiogope kusema mtafikiri kwanza. Ombeni karatasi iandikwe kwa Kiswahili. Mpelekeeni wakili wenu, si wakili wake. Waambieni wake zenu, waume zenu na watoto wenu wakubwa kabla hamjatia saini, kwa maana siku mkiondoka duniani wao ndio watakaokabidhiwa kesi. Mangungo aliwekewa mbele karatasi ya kigeni, na aliyemsomea alikuja pamoja na mnunuzi. Sisi tumepelekwa shule, na hakuna atakayetuandikia udhuru huo.

Tukutane wiki ijayo.